UZI: Umetembea ukingo wa mto asubuhi moja hukuona kinyesi? Usiandike "hakuna fisi maji"

MpimaKingo (mwanzisha uzi)

Habari za humu wakuu.

Kwenye uzi wa tathmini za mazingira kuna ndugu aliuliza kukagua ukingo wa mto kutafuta wanyama wanaolindwa kunachukua muda gani. Wengi wakamjibu asubuhi moja inatosha. Jibu hilo limenikaa kooni siku tatu. Huu ni mwaka wangu wa kumi na nne natembea kingo za mito kwa kazi, na ile asubuhi moja niliwahi kuiamini.

Mwaka wangu wa pili nilipewa kipande cha mto cha kilomita mbili. Palikuwa na mpango wa kunyoosha ukingo na kujenga ukuta wa mawe. Wiki hiyo mvua kubwa ilikuwa imenyesha, mto umejaa ukashuka, na tope bichi lilikuwa limeganda kwenye majani kimo cha kiuno. Nikatembea upande mmoja tu, ule wenye njia. Nilikuwa namtafuta fisi maji, yule mwindaji wa mtoni mwenye manyoya (otter kwa Kiingereza). Sikuona kinyesi wala unyayo. Nikaandika: "Hakuna dalili za fisi maji zilizoonekana." Ilikuwa kweli. Ilipofika kwenye muhtasari wa waliotupa kazi ikawa "Hakuna fisi maji." Kwenye masharti ya ujenzi mnyama hakutajwa tena popote.

Miezi miwili baadaye katapila likafika. Aliyesimamisha kazi ni dereva. Aling'oa shina la mti uliokuwa umelala ukingoni, na chini ya mizizi akaona watoto wawili ambao macho yao hayajafumbuka. Mama hakuonekana. Hawakupona.

Fisi maji hubeba mimba karibu miezi miwili. Piga hesabu mwenyewe. Siku ile natembea na daftari langu, yule mama alikuwepo, pengine ng'ambo ya pili nisikovuka, na mto ulikuwa umeosha kila alichokiacha.

Nimefungua uzi huu tuongelee kazi hii inavyofanywa. Wenye uzoefu karibuni mnirekebishe.

---

Tete_la_Mtoni

Pole sana mkuu, na asante kwa kusema wazi. Mimi ndiye niliyeuliza swali kule. Nina kazi ya kipande cha mto wiki hii na sijawahi kumwona fisi maji kwa macho yangu. Naanzia wapi?

---

MpimaKingo

Karibu ndugu yangu. Kutomwona kusikusumbue, kuna watu wamefanya kazi hii miaka mingi na wamemwona mara za kuhesabika. Tunatafuta anachokiacha.

Fisi maji hutumia kinyesi kama barua. Hakiachi popote tu, anakiweka mahali ambapo fisi maji mwingine atapita na kunusa: juu ya jiwe linalochomoza katikati ya maji, kwenye mzizi uliojitokeza, mito miwili inapokutana, na chini ya daraja. Daraja ndilo rafiki yako mkubwa, kwa sababu mvua haifiki chini yake na kinyesi hudumu. Mahali panapotumika muda mrefu majani huota mabichi na manene kuliko ya jirani, na wakati mwingine unakuta amekwangua mchanga ukawa kichuguu kidogo.

Sasa harufu. Chuchumaa, kisogeze karibu na pua, usione aibu. Cha fisi maji wa Ulaya kina harufu ya samaki iliyochanganyika na kitu kitamu, wengine wanasema majani makavu, wengine yasmini. Cha minki, yule mnyama wa Marekani aliyetoroka kwenye mashamba ya manyoya akaenea Ulaya, kinanuka vibaya na utarudisha uso nyuma. Ndani ya cha fisi maji utaona mifupa midogo ya samaki na magamba, kimelegea na hakina umbo maalumu. Kikizeeka huwa cheupe na kuvunjika kama majivu.

Afrika mambo yanabadilika. Fisi maji asiye na kucha (Aonyx capensis) anakula kaa zaidi, kwa hiyo kinyesi chake kimejaa vipande vya magamba ya kaa. Yule mwenye madoa shingoni (Hydrictis maculicollis) ni mlaji wa samaki na anapenda maji safi yanayoonekana ndani, kwa sababu huwinda kwa macho. Wanaokosea wengi wanamchanganya huyo wa kwanza na nguchiro wa maji, maana naye anakula kaa na anatembea ukingo uleule. Angalia nyayo. Asiye na kucha anaacha alama kama ya mkono wa mtoto, vidole vitano bila ncha. Nguchiro ana vidole virefu vilivyoachana na kucha zinaonekana kwenye tope.

---

Kapteni Mkondo

Naomba niulize bila ugomvi. Siku hizi unachota maji chupa moja, unapeleka maabara, wanasoma vinasaba vilivyomo ndani wanakuambia wanyama gani wapo. Kwa nini mtu aendelee kuchuchumaa kunusa mavi?

---

MpimaKingo

Swali zuri Kapteni, na mimi mwenyewe natumia chupa hizo. Zinasaidia sana kwa wanyama ambao dalili zao ni ngumu kusoma. Kinyamadege (platypus) wa Australia haachi vinyesi juu ya mawe kama fisi maji, na huko sampuli za maji zimewafungulia watafiti mito mingi ambayo zamani walilazimika kutega nyavu usiku kucha.

Ila jiulize chupa inakujibu nini. Inakuambia kwamba mahali fulani juu ya mkondo mnyama huyo aligusa maji. Ni mita hamsini juu au kilomita kadhaa? Haisemi. Pango lake la kulala na kuzalia liko chini ya mzizi gani? Haisemi. Mto ukiwa umejaa, vinasaba vimezimuliwa na jibu la "hapana" linapungua uzito. Anayejenga ukuta anahitaji kujua ni mti upi asiuguse, na jibu hilo liko kwenye miguu yako. Kwangu chupa na matembezi vinakwenda pamoja.

---

Bi Mafunjo

Nimefurahi kuukuta uzi huu. Mimi nimefanya kazi zaidi na voli wa maji, yule panya mnene wa kingo za mito ya Uingereza, pua butu, masikio yamezama kwenye manyoya, mkia mfupi kuliko wa panya wa kawaida. Naomba nimsahihishe MpimaKingo jambo moja kwa heshima: umezungumza kana kwamba msimu si kitu. Kwa fisi maji sawa, anaacha alama mwaka mzima na anaweza kuzaa mwezi wowote. Kwa voli msimu ndio kila kitu.

Voli huweka vyoo vya kuashiria mipaka yake wakati wa kuzaliana, kwa Uingereza takribani kuanzia katikati ya Aprili hadi Septemba. Ukienda Desemba yuko chini ya ardhi anakula akiba yake, utaona mashimo tu, na shimo peke yake halithibitishi kitu. Ndiyo maana kule ukaguzi unaokubalika ni wa safari mbili: moja nusu ya kwanza ya msimu, nyingine nusu ya pili, zikiachana miezi. Safari ya kwanza majani bado mafupi unaona ukingo vizuri. Safari ya pili wanyama ni wengi lakini majani yamekuzidi kimo. Kila moja inafidia udhaifu wa mwenzake.

Cha kutafuta ni choo chake: punje nyingi pamoja, urefu milimita 8 hadi 12, ncha zote mbili za mviringo kama sigara ndogo, rangi ya kijani au kahawia, na hazina harufu mbaya. Za panya wa kawaida zinanuka. Kisha mabaki ya chakula: vipande vya matete na nyasi vimepangwa rundo, vina urefu wa hadi sentimita kumi, vimekatwa mshazari kana kwamba kwa kisu, na ukiangalia vizuri utaona alama mbili za meno. Mdomo wa shimo una upana wa sentimita 4 hadi 8, na mbele yake mara nyingi nyasi zimetafunwa zikawa fupi kama zimefyekwa, maana mama mwenye watoto hataki kwenda mbali.

---

MpimaKingo

Bi Mafunjo, nimesahihishwa na nakushukuru. Kweli nilichanganya. Na Tete asome hapo mara mbili: kila mnyama ana kalenda yake, na ukaguzi wa "wanyama wote kwa safari moja" utamkosa mmoja wao kwa hakika.

Waelezee na habari ya minki, maana wengi hawajui uzito wake.

---

Bi Mafunjo

Minki jike ana umbo jembamba kiasi cha kuingia ndani ya shimo la voli. Voli ana njia zake za kujiokoa, anazamia, anarusha tope kufunga mlango nyuma yake, lakini njia hizo hazimsaidii mbele ya adui anayeogelea na kumfuata hadi chumbani. Jike mmoja anayelea watoto anaweza kumaliza voli wa kipande chote cha mto. Ukichanganya na kingo zilizonyooshwa na mifugo inayokanyaga ukingo hadi majini, voli wa maji akapotea kwenye sehemu kubwa sana ya Uingereza ndani ya karne ya 20. Chini ya sheria ya wanyamapori ya 1981 alianza kulindwa kwa sehemu mwaka 1998, na kwa England ulinzi kamili ukaja Aprili 2008.

Kwa hiyo anayemtafuta voli lazima amtafute na minki. Kuna chombo rahisi ninachokipenda: ubao unaoelea, juu yake kibanda kama handaki, na ndani trei ya udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga, unaobaki na unyevu kwa sababu chini yake kuna sifongo iliyogusa maji. Mnyama yeyote anayepita anapanda kwa udadisi na kuacha nyayo safi. Unarudi baada ya wiki mbili unasoma trei kama kitabu. Minki, voli, panya, hata fisi maji, wote wanasaini.

---

Kijana wa Takwimu

Mimi ni mwanafunzi. Hivi tukihesabu vinyesi si tunapata idadi ya fisi maji? Vinyesi mia kwa kilomita, tunagawa kwa vinyesi anavyotoa mmoja kwa siku.

---

MpimaKingo

Hapana mdogo wangu, na hili limewadanganya watu wazima. Fisi maji mmoja anaweza kuweka alama nyingi leo kwa sababu kuna mgeni kaingia eneo lake, na wiki ijayo akajisaidia majini tu. Jike mwenye watoto wadogo kuna wakati anaficha kabisa alama zake karibu na pango. Yaani mahali penye maana kuliko pote panaweza kuwa ndipo pasipo na alama hata moja. Kwangu hilo ndilo fundisho chungu la ule mti.

Kinachopimika vizuri ni kuwepo au kutokuwepo kwa dalili kwenye vituo vingi, kwa njia ileile, kwa miaka. England walianza 1977 hadi 1979: vituo karibu elfu tatu, kila kituo mita 600 za ukingo. Dalili zilipatikana kwenye asilimia 5.8 tu ya vituo. Walipofanya ukaguzi wa tano, 2009 hadi 2010, ikawa asilimia 58.8. Njia haikubadilika, ndiyo maana namba hizo mbili zinaweza kukaa meza moja. Na sababu ya kuporomoka kule mwanzo ilijulikana: dawa za kuua wadudu za kundi la dieldrin, zilizopakwa kwenye mbegu na kuoshea kondoo, zikateremka mitoni, zikajilimbikiza kwenye samaki hadi kwa fisi maji. Zilipoondolewa, na uwindaji ukapigwa marufuku, mnyama akaanza kurudi polepole mto kwa mto. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba amefika kila jimbo la England.

Ukitaka kwenda mbele kitakwimu, tembelea kituo kilekile mara tatu au nne. Ukipata dalili mara mbili kati ya nne, unaanza kujua macho yako yanamkosa mara ngapi mnyama akiwepo. Namba hiyo ndiyo inayokupa haki ya kusema chochote kuhusu vituo ulikokosa.

---

Kijana wa Takwimu

Nimeelewa kaka. Kwa hiyo "sikuona" nayo ina kipimo chake.

---

Kapteni Mkondo

Nawaongezea mfano wa Japani. Fisi maji wa kule, kuonekana kwake kwa mwisho kulikothibitishwa ni 1979. Serikali ilimtangaza ametoweka mwaka 2012. Miaka 33 walisubiri kabla ya kuandika neno moja. Halafu 2017 kamera iliyotegwa kwenye kisiwa cha Tsushima kwa ajili ya paka-chui wa huko ikampiga picha fisi maji anatembea. Kisiwa kile kiko kati ya Japani na Korea, na anadhaniwa alitokea upande wa Korea. Lakini jamani, waliompata hawakuwa hata wanamtafuta.

---

MpimaKingo

Kapteni, mfano huo nitaukumbuka. Asante.

---

Tete_la_Mtoni

Wakuu, nikilipata pango je? Niweke kamera mlangoni nithibitishe kama linatumika?

---

Bi Mafunjo

Mwanangu, subiri kwanza. Sehemu nyingi sheria inamlinda mnyama pamoja na makazi yake. Uingereza kuharibu pango la fisi maji ni kosa hata kama siku hiyo hayumo ndani, na kumsumbua akiwa humo nako ni kosa. Kabla hujatega kamera mlangoni uliza mamlaka ya wanyamapori kama unahitaji leseni. Kamera yenyewe haina kelele, lakini wewe una harufu, na jike mwenye watoto akishtuka anaweza kuwahamisha usiku uleule kupita maji baridi.

Usiingize fimbo, usimulike tochi ndani, usimpeleke mbwa. Simama mbali, chukua alama ya GPS, piga picha ya njia inayotoka majini, ondoka kwa njia uliyoijia. Kama kuna sababu ya kweli ya kutega kamera, itege kwenye njia mbali na mlango.

Na kwenye ripoti itakayosomwa na watu wote usiweke nambari kamili za GPS za pango. Weka kwenye kiambatisho cha siri cha mamlaka.

---

MpimaKingo

Naongeza usalama wako wewe. Usitembee ukingo peke yako. Beba fito ndefu uupime ukingo kabla ya kuukanyaga, maana ukingo ulioliwa chini na maji unaonekana mzima kwa juu. Funika kila mchubuko, vaa glavu, nawa kabla ya kula, kwa sababu mkojo wa panya hubeba homa ya leptospira na maji ya mto huisambaza. Kwenye mito ya kiboko na mamba sheria ya kwanza ni mwenyeji anayeujua mto huo atangulie. Akisema leo hatushuki, hamshuki.

---

Tete_la_Mtoni

Nimeyaandika yote. Sasa swali la mwisho linalonisumbua. Kwetu imenyesha juzi, mto umejaa, na mteja anataka ripoti Ijumaa. Nikienda kesho nikakosa, naandikaje?

---

MpimaKingo

Ndugu yangu, kama unaweza usiende kesho. Mto ukishashuka vipe vinyesi siku tano kavu angalau vijikusanye tena, zikiwa zaidi ni bora. Mwambie mteja ukweli kwamba matokeo ya kesho hayatamlinda yeye wala wewe, maana katapila likisimama katikati ya kazi anapoteza wiki nyingi kuliko hizo anazokunyima.

Ukilazimika kwenda, andika hali yote kabla ya matokeo: tarehe, mvua ilinyesha lini, kina cha maji, kingo zipi umetembea na zipi hukufika na kwa nini, majani yalikuwa kimo gani. Kisha andika hivi: "Dalili hazikupatikana katika mazingira haya, ambayo yanapunguza sana uwezekano wa kuzipata zikiwepo. Ukingo una mizizi, mashimo na kichaka kinachofaa kwa fisi maji kupumzika na kuzaa. Ukaguzi urudiwe kabla ya kazi yoyote kuanza." Sentensi ya pili usiiache kamwe. Makazi hayaoshwi na mvua. Mti uliolala na mizizi yenye mapango unaonekana hata siku ya mafuriko, na mimi nilipaswa kuuandika ule mti hata kama sikuona kinyesi hata kimoja.

Na muhtasari uuandike mwenyewe. Usimwachie mtu mwingine aifupishe sentensi yako.

---

Tete_la_Mtoni

Wakuu, mrejesho. Nimempigia mteja nimemweleza kama mlivyonifundisha. Amekasirika kidogo, kisha akanipa siku kumi. Nimepata na mwenzangu wa kutembea naye, na jirani wa mto ana mtumbwi wa kutuvusha ng'ambo.

---

MpimaKingo

Umenifurahisha sana. Anzeni chini ya daraja, halafu ng'ambo kwanza kabla hamjachoka. Ukipata kitu usichokijua, kipige picha kando ya rula ukiweke hapa, tutakisoma pamoja.